Uzito wa mizani si uzito wa dozi: Dawa za usingizi kwa wanene wanaofanyiwa endoskopia

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

MGONJWA mnene anapolazwa ubavu wa kushoto katika chumba cha endoskopia, daktari aliye mbele yake huwa na maswali mawili. La kwanza ndilo lililomleta mgonjwa hospitalini: kuna nini ndani ya koo, tumbo au utumbo wake. La pili, ambalo mgonjwa mwenyewe kwa kawaida halifikirii, ni dawa zipi zitamtuliza bila kumzimia pumzi.

Swali hilo la pili linawahusu watu wengi zaidi kuliko zamani mjini Dodoma. Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuwa sasa inahamia makao makuu yaliyoamuliwa tangu mwaka 1973, maelfu ya watumishi walihamia hapa pamoja na familia zao, na mwaka 2018 mji ukapandishwa hadhi kuwa jiji.

Hospitali ya Benjamin Mkapa, iliyofunguliwa mwaka 2015 katika eneo la Chuo Kikuu cha Dodoma, imekuwa kimbilio la wagonjwa wa Kanda ya Kati ambao zamani wangepewa rufaa ya kwenda Muhimbili, Dar es Salaam.

Wakati huohuo miili ya Watanzania imebadilika. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulionyesha kuwa asilimia 28 ya wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi au unene uliokithiri. Utafiti kama huo wa mwaka 2022 uliikuta idadi hiyo imefikia asilimia 36, na mijini hali huwa mbaya zaidi kuliko vijijini.

Unene huleta kiungulia cha kudumu, mawe kwenye mfuko wa nyongo na mafuta kwenye ini, na hiyo yenyewe humfikisha mtu kwenye endoskopia. Aidha, tangu mwanzoni mwa miaka ya 2020, Hospitali ya Taifa Muhimbili kupitia kituo chake cha Mloganzila imekuwa ikiweka puto tumboni kwa wanaotaka kupunguza uzito. Puto hilo hupitishwa kinywani kwa msaada wa endoskopia, na anayewekewa ni mnene kwa sababu ya jambo lenyewe linalotibiwa.

Mteremko, si ngazi

Endoskopia ni mpira mwembamba wenye taa na kamera, unaopitishwa kinywani hadi tumboni, au njia ya haja kubwa hadi kwenye utumbo mpana. Kipimo cha tumbo huchukua dakika chache tu. Kile cha utumbo mpana, au kazi ya kutoa mawe kwenye njia ya nyongo, huweza kuchukua nusu saa au zaidi.

Wagonjwa wengi huita kila dawa inayopitia kwenye mshipa "usingizi" au "nusukaputi". Kitaalamu mambo hayo ni tofauti. Katika hali ya kwanza mgonjwa amelegea lakini anazungumza. Katika ya pili anasinzia, ila akiitwa au akiguswa begani anaitika, na anapumua mwenyewe. Katika ya tatu haitiki mpaka aguswe mara kwa mara au aumizwe, na pumzi yake inaweza kuhitaji msaada. Ya nne ndiyo nusukaputi kamili.

Vitabu huzipanga hali hizo kama ngazi nne, lakini chumbani hazina ukuta kati yake. Ni mteremko. Dawa ileile iliyokusudiwa kumsinziza mgonjwa inaweza kumtelezesha hadi chini kabisa, na mwili mnene huteleza upesi kuliko mwingine.

Kinachomtofautisha mnene

Mafuta ya tumbo huusukuma juu msuli unaotenganisha kifua na tumbo, hasa mtu anapolala chali. Mapafu hubaki na nafasi ndogo, na akiba ya oksijeni inayokaa ndani yake kati ya pumzi moja na nyingine hupungua. Mwili wenyewe, kwa kuwa ni mkubwa, hutumia oksijeni nyingi zaidi. Akiba ni ndogo, matumizi ni makubwa.

Hesabu za kitaalamu zilizochapishwa mwaka 1997 zilionyesha tofauti hiyo kwa namna isiyosahaulika. Mtu mzima mwenye afya, aliyevutishwa oksijeni kwanza, akisimama kupumua huchukua takriban dakika 8 kabla oksijeni ya damu yake haijashuka hadi asilimia 90. Mtu mwenye uzito wa kilo 127 huchukua chini ya dakika 3.

Kuna pia shingo. Mafuta yanayozunguka koo huibana njia ya hewa, na misuli ikilegezwa na dawa, ulimi na nyama laini za koo huangukia nyuma. Ndivyo ilivyo hata bila dawa kwa watu wenye tatizo la kukatika kwa pumzi usingizini, ambalo wengi wao hawajui kuwa wanalo. Katika jamii zetu kukoroma huchukuliwa kuwa ni kulala vizuri, na mtu aliyenenepa husifiwa kuwa amenawiri.

Kwa sababu hiyo maswali ya kabla ya kipimo ni muhimu sawa na dawa yenyewe. Orodha iliyotungwa Toronto, Canada, na kuchapishwa mwaka 2008, ina maswali manane: iwapo mtu anakoroma kwa sauti, anachoka mchana, amewahi kuonekana akikata pumzi usingizini, ana shinikizo la damu, uwiano wa uzito na urefu wake yaani BMI unazidi 35, umri unazidi miaka 50, shingo yake inazidi sentimita 40, na iwapo ni mwanaume. Majibu matatu ya ndiyo huleta mashaka. Matano au zaidi ni hatari kubwa. Swali la tatu mgonjwa hawezi kulijibu peke yake. Shahidi wake ni yule anayelala naye chumba kimoja, na ingefaa aje naye.

Kwa wakazi wa uwanda wa kati kuna jambo la ziada ambalo vitabu vilivyoandikwa kwa ajili ya miji ya pwani havilitaji. Dodoma iko takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na Singida iko juu zaidi. Shinikizo la hewa hapa ni pungufu kwa zaidi ya asilimia 10 likilinganishwa na la Dar es Salaam. Mtu mwenye afya halihisi hilo hata kidogo. Lakini pumzi inapopungua kwa sababu ya dawa, oksijeni ya damu huanza kushuka mapema zaidi huku kuliko pwani, na mgonjwa aliyetulizwa salama Dar es Salaam kwa hewa ya kawaida ya chumbani anaweza kuhitaji oksijeni ya ziada akitulizwa vilevile Dodoma.

Moja na moja si mbili

Dawa za kutuliza huchanganywa kwa sababu ya maana. Midazolamu humwondolea mgonjwa hofu na kumfanya asahau, lakini haiondoi maumivu. Fentanili na pethidini, za jamii ya afyuni, huondoa maumivu lakini hazifuti kumbukumbu. Zikitumiwa pamoja kwa dozi ndogo, kila moja huikamilisha nyenzake.

Tatizo ni kwamba kwenye pumzi hazijumlishwi, huzidishana. Mwaka 1990 Peter Bailey na wenzake wa Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, walichapisha jaribio lililofanywa kwa watu 12 wa kujitolea wenye afya njema. Midazolamu peke yake haikuleta athari kubwa kwenye upumuaji. Fentanili peke yake iliwashusha oksijeni watu 6. Zilipochanganywa, watu 11 kati ya 12 walishuka oksijeni, na 6 walisimama kabisa kupumua.

Ikumbukwe kwamba hao hawakuwa wanene wala wagonjwa.

Somo hilo lilikuwa tayari limelipiwa kwa maisha ya watu. Midazolamu ilipoingia katika soko la Marekani mwaka 1986 kuchukua nafasi ya diazepamu, madaktari wengi waliitoa kwa mazoea ya dawa ya zamani, ilhali ile mpya ilikuwa na nguvu zaidi. Makumi ya vifo viliripotiwa, vingi vikiwa vya wagonjwa waliopewa pamoja na dawa za jamii ya afyuni nje ya vyumba vya upasuaji. Dozi zilizopendekezwa zikashushwa, na ikatengenezwa chupa yenye dawa iliyozimuliwa zaidi.

Kilo zipi zihesabiwe?

Dozi nyingi hukokotolewa kwa kilo, na hapo ndipo mizani inapoweza kupotosha.

Chukua mfano wa mama mwenye urefu wa sentimita 160 na uzito wa kilo 110. BMI yake ni 43. Uzito stahiki kwa urefu wake, kwa kanuni rahisi ya kutoa 105 kwenye sentimita za urefu wa mwanamke (kwa mwanaume hutolewa 100), ni kilo 55. Mwili wake bila mafuta, kwa kanuni inayotumika zaidi, ni takriban kilo 53. Kilo nyingine ni mafuta, yenye damu kidogo ikilinganishwa na ubongo, moyo na ini.

Propofoli ikitolewa kwa kiwango cha miligramu 1 kwa kila kilo ya mizani, mama huyo atapata miligramu 110 kwa mkupuo. Ubongo wake, ambao si mkubwa kuliko wa mdogo wake mwembamba, utapokea karibu maradufu ya kile ulichohitaji. Ndiyo maana dozi ya kwanza ya propofoli, fentanili na ketamini huhesabiwa kwa uzito wa mwili usio na mafuta. Wataalamu wa Uingereza wanaoshughulikia wagonjwa wanene hukumbusha kuwa uzito huo ni nadra kuzidi kilo 100 kwa mwanaume na kilo 70 kwa mwanamke, hata mizani iseme nini.

Mambo hubadilika dawa inapotiririshwa kwa muda mrefu. Mafuta huanza kuinyonya, na hapo hutumika uzito uliorekebishwa: uzito stahiki ukiongezwa asilimia 40 ya kilo zilizozidi. Kwa mama wa mfano wetu ni kilo 77. Midazolamu nayo hujificha kwenye mafuta, na muda wake wa kutoka mwilini kwa mtu mnene huweza kurefuka zaidi ya maradufu. Hivyo mgonjwa aliyeongezewa mara tatu au nne kwa sababu "hasinzii" anaweza kusinzia vizuri sana saa mbili baadaye, akiwa njiani kwenda nyumbani.

Kosa la upande wa pili pia lipo. Daktari akiogopa unene na kutoa dawa kiduchu, mgonjwa huhangaika, hukaba mpira kwa meno, na dawa huongezwa harakaharaka kabla ya ile ya kwanza haijafanya kazi. Vifo havitokani na dozi kubwa ya kwanza pekee. Hutokana pia na dozi ndogo zilizofuatana bila subira.

Kwamba uzito upimwe na kuandikwa ni jambo linaloonekana dogo. Mchekeshaji wa Marekani, Joan Rivers, alifariki dunia Septemba 2014 akiwa na umri wa miaka 81, baada ya oksijeni kushuka na moyo kusimama wakati wa endoskopia katika kliniki moja ya New York, akiwa amepewa propofoli. Hakuwa mnene. Lakini wakaguzi wa serikali kuu ya nchi hiyo walibaini, miongoni mwa kasoro nyingine, kuwa uzito wake haukuwa umeandikwa kabla ya kupewa dawa.

Mchanganyiko upi kwa nani

Hakuna mchanganyiko mmoja unaowafaa wanene wote. Kinachoamua ni urefu wa kazi, hali ya koo na mapafu, na watu pamoja na vifaa vilivyomo chumbani. BMI ya 36 kwa kijana asiyekoroma si sawa na BMI ya 36 kwa mzee wa miaka 60 mwenye shingo fupi na moyo uliochoka.

Mchanganyiko ulio salama kuliko yote ni ule usiokuwapo. Kipimo kifupi cha tumbo kinaweza kufanyika kwa ganzi ya koo tu, yaani lidokeini ya kupulizia, na nchi nyingi hufanya hivyo kila siku. Kinachotakiwa ni maelezo ya kutosha kabla, muuguzi wa kumshika mgonjwa mkono, na mpira mwembamba pale unapopatikana. Kwa mnene anayekoroma, hii ndiyo njia ya kujaribiwa kwanza, ingawa wagonjwa wengi, hasa wanaolipa fedha zao, huiona kama wamepunjwa huduma. Lidokeini nayo ina kikomo: ikipulizwa bila kuhesabu huweza kuleta degedege, na koo likiwa na ganzi mgonjwa asile wala kunywa mpaka ganzi iishe, asije akapaliwa.

Hatua inayofuata ni midazolamu peke yake, miligramu 1 au 2 kwa kuanzia, kisha kusubiri dakika 2 au 3 kabla ya kuongeza. Kwa mzee dozi hiyo hupunguzwa nusu. Faida yake kubwa ni kuwa ina kinza chake, flumazenili.

Kwa kipimo cha utumbo mpana, ambacho huuma, mchanganyiko wa midazolamu na dawa ya jamii ya afyuni ndio uliozoeleka. Mwongozo wa Uingereza unashauri dawa ya afyuni itangulie, ipewe nafasi ya kufanya kazi, ndipo midazolamu ifuate kidogokidogo. Kwa mnene fentanili ni bora kuliko pethidini kwa kuwa huisha upesi. Pethidini hudumu, na kwa mwenye figo dhaifu mabaki yake hujikusanya na kuleta degedege. Kinza cha zote mbili ni naloksoni, nayo huwa mezani kabla ya sindano ya kwanza, si kabatini.

Pale kazi inapokuwa ndefu, au inapotakiwa mgonjwa asitikisike kama wakati wa kuweka puto, wengi huchagua propofoli. Dawa hii nyeupe kama maziwa iliingia sokoni Uingereza mwaka 1986, na imependwa kwa sababu humlaza mgonjwa ndani ya dakika moja na kumwamsha akiwa na akili timamu. Haina kinza. Wasomaji wengi walilisikia jina lake mwaka 2009, mwanamuziki Michael Jackson alipofariki dunia nyumbani baada ya kupewa propofoli pamoja na dawa nyingine za kutuliza, bila ya vifaa vya kutosha vya uangalizi.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 kutoka St. Louis, Marekani, kwa wagonjwa waliofanyiwa endoskopia kubwa wakiwa wamepewa propofoli, ulionyesha kuwa kadiri BMI ilivyopanda ndivyo wauguzi na madaktari walivyolazimika mara nyingi zaidi kuinua kidevu au kuweka kifaa cha kufungua njia ya hewa. Wagonjwa wengi walimaliza salama, kwa kuwa alikuwapo mtu wa kufanya hivyo. Pasipokuwa na mtaalamu wa usingizi chumbani, propofoli kwa mnene haifai kufikiriwa.

Ketamini ni dawa ambayo Afrika imeijua kwa muda mrefu. Ilitengenezwa Marekani mwaka 1962 na kuidhinishwa mwaka 1970, na hospitali zisizo na mashine kubwa za usingizi huitegemea kwa upasuaji kwa sababu haizimi pumzi kirahisi wala haiangushi shinikizo la damu. Kwa mnene hizo ni sifa za kuvutia. Kiasi kidogo cha ketamini kikichanganywa na propofoli hupunguza dozi ya propofoli inayohitajika. Kikichanganywa na midazolamu kidogo hupunguza ndoto za kutisha anazoziona mgonjwa akizinduka.

Hata hivyo ketamini huongeza mate na kulifanya koo liwe jepesi kushtuka, na mpira unaopita kooni ndio hasa wa kulishtua. Koo likijibana ghafla kwa mtu mwenye akiba ya oksijeni ya dakika chache, hakuna muda wa kutafuta msaada. Kwa hiyo inafaa zaidi kwa utumbo mpana kuliko tumbo, na humwelemea mwenye shinikizo la damu lisilodhibitiwa, ambao miongoni mwa wanene ni wengi.

Deksmedetomidini huleta usingizi unaofanana na ule wa kawaida, pumzi ikiendelea vizuri, lakini huchukua kama dakika 10 kufanya kazi na hupunguza mapigo ya moyo. Remimazolamu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2020, huvunjwavunjwa na mwili upesi na kinza chake ni flumazenili ileile. Kwa sifa hizo huenda ikawafaa sana wanene, endapo bei itaruhusu.

Wapo wasiopaswa kutulizwa nusunusu hata kidogo. Mgonjwa mnene anayetapika damu kutokana na mishipa ya koo iliyovimba, mwenye chakula tumboni, au mwenye BMI ya juu sana pamoja na kukatika kwa pumzi usingizini na kazi ndefu ya njia ya nyongo mbele yake, ni heri apewe nusukaputi kamili, na mpira wa kupumulia uwekwe tangu mwanzo kwa utulivu. Kuuweka katikati ya dharura, mgonjwa akiwa amelala ubavu na damu ikijaa kinywani, ni kazi ambayo hata mabingwa huiogopa.

Dawa za nyumbani

Mchanganyiko hauanzii chumbani. Mtu anayetumia dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi za mstari wa pili zenye ritonaviri hupata tatizo la pekee: ritonaviri huzuia ini kuivunja midazolamu, na dozi ndogo hugeuka kubwa na ya muda mrefu. Dolutegraviri, iliyo katika mstari wa kwanza, haina mgongano huo mkubwa. Klarithromaisini, inayotolewa kutibu vidonda vya tumbo, na baadhi ya dawa za fangasi zina tabia kama ya ritonaviri. Mgonjwa anayeficha dawa zake kwa kuona haya mbele ya watu anastahili kuulizwa akiwa peke yake.

Jipya zaidi ni sindano za kupunguza uzito kama semaglutaidi, ambazo huchelewesha chakula kutoka tumboni. Mtu anaweza kufunga kwa saa 6 zinazotakiwa kwa chakula na saa 2 kwa maji, na bado endoskopia ikakuta mabaki. Mwaka 2023 chama cha madaktari wa usingizi cha Marekani kilishauri sindano ya kila wiki isimamishwe wiki moja kabla. Mwaka 2024 vyama kadhaa vya nchi hiyo vililegeza kamba: wengi waendelee nayo, lakini wenye dalili au walio katika hatua ya kuongeza dozi wale vyakula vya majimaji tu kwa saa 24. Daktari asiyeambiwa hawezi kuchagua.

Nani anamtazama mgonjwa?

Kabla ya sindano, kichwa na kifua cha mgonjwa mnene huinuliwa kwa nyuzi kama 30, na oksijeni huwekwa puani. Kidoleni hubanwa kifaa cha kupima oksijeni ya damu.

Kifaa hicho kimeokoa wengi, lakini kina mambo mawili ya kuangaliwa. Kwanza, mgonjwa anayepewa oksijeni ya ziada anaweza kuwa hapumui vya kutosha huku namba ikisoma vizuri. Ikianza kushuka, muda umeshapotea. Kinachowahi kutoa taarifa ni kapnografu, mashine inayosoma hewa ya ukaa katika kila pumzi inayotoka. Pasipo na mashine hiyo, kuna kazi ya zamani ya kutazama kifua na kusikiliza koo kwa kifaa cha daktari.

Pili, utafiti uliochapishwa Marekani Desemba 2020 ulionyesha kuwa miongoni mwa wagonjwa ambao kifaa cha kidoleni kiliwasomea oksijeni ya asilimia 92 hadi 96, walikuwamo waliokuwa chini ya 88 damu yao ilipopimwa moja kwa moja: asilimia 11.7 ya weusi, dhidi ya asilimia 3.6 ya weupe. Rangi ya ngozi huipotosha taa ya kifaa. Katika chumba cha Dodoma, ambako karibu kila mgonjwa ni mweusi, namba ya 93 isichukuliwe kuwa ni ya kutuliza moyo.

Yote hayo yanahitaji mtu asiye na kazi nyingine. Anayeshika mpira na kutazama skrini hawezi kuitazama pumzi. Shirikisho la dunia la vyama vya madaktari wa usingizi limependekeza angalau madaktari 5 wa fani hiyo kwa kila watu 100,000, kiwango ambacho Tanzania, kama nchi nyingi za Afrika, iko mbali nacho. Sehemu kubwa ya kazi hufanywa na wauguzi na maofisa waliopata mafunzo ya usingizi. Pale ambapo hata hao hawatoshi, uamuzi wa busara ni kushuka ngazi: ganzi ya koo badala ya midazolamu, midazolamu badala ya mchanganyiko, au kumwandikia mgonjwa tarehe nyingine ambayo mtaalamu atakuwapo.

Safari ya kurudi

Vinza huisha kabla ya dawa zinazozipinga. Mgonjwa aliyezinduliwa kwa flumazenili anaweza kuzama tena usingizini baada ya saa moja hivi, na kwa mnene, ambaye midazolamu imejibanza kwenye mafuta yake, uwezekano huo ni mkubwa zaidi. Kwa hiyo hakai kwenye benchi la mapokezi. Hukaa kitandani, kifaa kikiwa kidoleni, mpaka aweze kudumisha oksijeni yake mwenyewe bila kuchochewa.

Wanaokuja Dodoma kutoka Manyoni, Kondoa, Mpwapwa au Singida hutaka kuwahi basi la jioni. Aliyepewa dawa kwenye mshipa hasafiri peke yake, hapandi bodaboda, haendeshi gari wala kusaini hati ya kiwanja kwa saa 24. Mwenzake akae naye usiku huo. Mwenye kukatika kwa pumzi usingizini hulala kichwa kikiwa kimeinuliwa, asinywe pombe wala dawa nyingine ya usingizi, na kama anayo mashine ya kusukuma hewa puani, aivae hata kwa usingizi wa mchana.